Bandhani Bandani

Nilikutana na yule bibi kwa sababu ya matusi. Nilikuwa kwenye simu ya kadi nje ya stesheni ya treni ya Lidcombe, huku Sydney, nikimchamba ndugu yangu wa Tanga aliyeng'oa mlango wa nyumba ya marehemu mama na kwenda kuupachika kwake. Maneno yaliyonitoka siku ile siyaandiki. Nilijua fika kwamba pale hakuna anayenielewa, na hiyo ndiyo raha moja ya ugenini, unatukana kwa sauti na watu wanakutabasamia. Nilipokata simu, sauti ya kizee ikasema nyuma yangu, "Binti, hiyo maneno nasema ndani ya nyumba, mlango nafunga."

Niligeuka. Bibi wa Kihindi, mfupi, kavaa sari na juu yake sweta la kiume, mkononi mfuko wa bamia. Loo! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kutabasamu, kisha akaniuliza natoka wapi.

"Tanga."

"Tanga wapi?"

"Ngamiani."

Akauweka mfuko wa bamia chini. Alikuwa ameletwa Tanga kutoka Gujarati akiwa mwari, kuolewa na fundi saa, na akaishi pale mpaka uzeeni mwanawe alipowahamishia Sydney yeye na mzee wake. Duka la fundi saa yule nililijua. Watoto wa rika langu tulikuwa tukisimama dirishani kungoja saa kubwa ya ukutani ipige, na yeye fundi akitufukuza kwa mkono huku anacheka. Nilipomwambia hivyo, bibi akanishika kiwiko pale pale stesheni. Akasema niende nyumbani kwao Jumapili, ninywe chai, nimwamkie mzee.

Sikwenda kwa moyo mweupe, nisiseme uongo. Mama yangu alifua nguo katika nyumba za Wahindi wa Tanga, nami nilikua nikisikia anavyoitwa kutoka ghorofani kwa sauti ya amri. Lakini Jumapili za Sydney ni ndefu. Majirani zangu Warundi na Wakongo tuliongea nao Kiswahili vizuri tu, tukapeana na ugali, ila ukimtajia mtu Ngamiani hashtuki. Nikafunga zawadi, doti ya kisutu niliyokuwa nimeihifadhi sandukuni, nikaenda.

Kisutu kwetu si kanga ya kupikia. Ni nguo ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, na hakuna anayeipokea bila kuibusu au kuiombea dua. Bibi aliikunjua, akapitisha kidole juu ya vidoto vyeupe, akaigeuza akaangalia upande wa nyuma, akacheka.

"Hii nafanya mashine," akasema. "Hii uongo ya bandhani."

Mori ukanipanda. Nikamwambia kwa adabu yote niliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi, kwamba kwetu mtu akipewa kisutu hasemi uongo, husema ahsante. Mzee wake, aliyekuwa kimya na gazeti lake, akaangua kicheko. Bibi hakukasirika. Akanieleza kwamba vile vidoto vya kisutu vinaiga vidoto vya kwao, na kwamba vya kwao havipigwi chapa. Vinafungwa kimoja kimoja kwa uzi, na yeye mwenyewe alivifunga tangu utoto, magotini pa shangazi yake. "Jumamosi kuja," akaniambia. "Mimi nafundisha wewe bandhani."

Sasa, mtu wa Tanga ukimwambia hivyo anasikia nini? Nilisikia atanifundisha bandani. Na banda walikuwa nalo, la mabati, nyuma ya nyumba, kama nyumba nyingi za kule. Jumamosi nikapita ubavuni mwa nyumba moja kwa moja, nikaingia bandani, nikakaa juu ya kopo la rangi ya ukuta kati ya mashine ya kukatia majani na utando wa buibui. Nikangoja. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia. Nikasema moyoni, ebo, huyu bibi ananifanyia makusudi, kaniweka stoo kama mama yangu alivyowekwa uani. Kumbe yeye ndani kapanga vikombe, chai imepoa, na ananilaumu kwamba watu wa Ngamiani hawajui ahadi. Mzee ndiye aliyenikuta, alipokuja kuchukua mkasi wa bustani.

"Binti, unamkimbia nani?"

"Bibi kasema nije bandani."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kiswahili chake kilikuwa cha Tanga safi, cha dukani na barazani, tofauti na cha mkewe. Akanieleza kwamba bandhani ni neno lao, maana yake kufunga, na akaenda kumwita mkewe kwa sauti, "Njoo, mwanafunzi wako yuko bandani anafundishwa na buibui!" Tangu siku ile tulibaki huko huko. Hata mkamwana wao, mke wa mwanawe, alifurahi. Hakutaka rangi imwagike jikoni kwake.

Tulipokaa vizuri bandani, na mlango umewekwa wazi, bibi aliniambia shabaha yake bila kuzunguka. Alitaka kitambaa kimoja, cha hariri, chekundu. Cha kufia.

Kwao, mwanamke anayemtangulia mumewe hufa na bahati yake. Huvishwa kama bibi harusi, nyekundu, hutiwa doa jekundu kwenye paji la uso, bangili mkononi, na hivyo hivyo huchomwa. Anayebaki nyuma huvua vyote, akavaa nyeupe mpaka siku yake ifike. Nguo yake ya harusi ililiwa na mchwa Tanga. Moyo wake ulikuwa umechoka, madaktari walishamwambia, na vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa ugonjwa wa viungo, hawezi tena kubana hata uzi wa kitufe. Ya dukani hakuitaka. Alisema hajaishi maisha yote anajua kufunga ili aende kwa Mungu na nguo iliyofungwa na mtu asiyemjua.

"Mimi nakwenda kwanza," akasema. "Tumepatana."

"Mmepatana na nani?"

"Na mimi," mzee akajibu kutoka nje, alikokuwa akipogoa. "Nimempa neno langu. Mimi nabaki nipike chai."

Nilidhani wanatania. Baadaye nikaona kwamba yule mzee aliichukulia ahadi ile kama kazi. Alikula uji wake bila chumvi, alimeza dawa zake kwa saa, na kila asubuhi alitoka kwenda kutembea kwenye njia za makaburi makubwa yaliyo upande wa pili wa reli, kwa kuwa pale, alisema, hakuna magari na hakuna anayekusukuma. Nikimuuliza anakwenda wapi hujibu, "Kuwaangalia waliokosa mazoezi."

Kazi yenyewe, jamani, kazi! Unakikunja kitambaa mara nne. Unakichora kwa rangi ya udongo inayotoka kwa maji. Kisha chini ya kila doto unapitisha ukucha wa kidole kidogo, unainua kilele kidogo cha nguo kama ncha ya pilipili, unakizungushia uzi na kukaza, na bila kukata uzi unakwenda kwenye doto linalofuata. Ukilegeza, rangi inaingia. Ukikaza mno, hariri inachanika. Vidoto utakavyofunga kwanza vitabaki vyeupe. Halafu unachovya manjano, unafunga tena vile unavyotaka vibaki manjano, na ndipo unachovya nyekundu. Nilipomaliza leso ya kwanza ya kujifunzia, tulishika pembe, yeye huku mimi kule, tukavuta, na nyuzi zikafyatuka zote kwa mfululizo, zikilia pa-pa-pa. Vidoto vikatokea vimekaa mshazari, vibaya vibaya, vingine vimeungana, lakini vimetokea. Nilipiga kigelegele peke yangu bandani. Toka hapo nilinaswa. Kila nilichofunga nilitaka kukifungua hapo hapo nikione.

"Ngoja," bibi alikuwa akisema. "Ya kufungua ni siku moja. Ya kufunga ni siku zote."

Tatizo lilikuwa ukucha. Mimi nilifanya kazi nyumba ya wazee, kuogesha na kulisha, na huko kucha ndefu haziruhusiwi, ngozi ya wazee inachanika upesi. Nikaufuga mmoja tu, wa kidole kidogo cha kushoto, nikadhani hautaonekana. Supavaiza akauona kabla hata ya wiki kuisha, akanisimamia mpaka nikaukata mbele yake. Siku ile nilikwenda kwa bibi nimenuna kama mtoto aliyenyang'anywa muwa. Mzee akaniomba kidole, akakipima kwa uzi, akaondoka. Jumamosi iliyofuata akanikabidhi pete ya bati yenye ncha, ameikata kwenye mkebe wa biskuti na kuisugua mpaka haichani. Ilinikaa sawasawa. Mkono wa fundi saa haukuwa umezeeka naye.

Tuligombana pia. Bibi alikuwa na neno lake, "Lete!" Lete maji, lete uzi, lete mwanga. Siku moja nikaitua kazi nikamwambia, "Bibi, mimi si boi wako. Mama yangu alikuwa, mimi siye." Uso wake ulibadilika, akataka kusema kitu akakosa Kiswahili cha kukisemea. Mzee ndiye aliyesema, taratibu, amesimama mlangoni. "Mke wangu alijifunzia Kiswahili jikoni, binti. Kiswahili cha jikoni ni amri tupu, hakina tafadhali. Hata mimi ananiambia hivyo hivyo." Baadaye nilipokuwa nakunja vitu, bibi akanishika mkono uliokuwa na pete. "Mama yako," akasema, "alifua ya nani?" Nikamtajia nyumba zile. Akatikisa kichwa, hazikuwa zake, lakini nilimwona amelengwa na machozi. Akasema, "Pole." Nilimsamehe, ingawa si yote yaliyokuwa deni lake kulipa.

Miaka ile ilikuwa ya ukame, serikali imekataza watu kumwagilia bustani kwa mpira. Tulipochovya manjano, maji ya kusuuzia hatukuthubutu kuyamwaga ovyo. Mzee aliyabeba ndoo kwa ndoo akayapa majani ya uani, na majani yakawa na madoa ya manjano hata mkamwana akauliza kama yana ugonjwa. Kitambaa kilikauka kwenye kamba ya kuanikia inayozunguka na upepo, kimejikunyata kwa mafundo, kimekuwa kidogo kiasi cha kwenea kikapuni. Ndani yake, nilijua, mlikuwa na maua, na duara kubwa la katikati, na pindo la tembo ambalo bibi alinichorea mwenyewe kwa vidole vyake vilivyopinda. Nilikuwa bado sijakiona. Nikaanza kufunga vile vidoto vya manjano, nikabanwa na haraka, maana pumzi za bibi zilikuwa zikikata akipanda ngazi mbili tu za kuingilia bandani. Kila Jumamosi aliitazama kazi ilipofika, kisha humtazama mzee, na mzee humwambia, "Usihofu. Mimi nipo."

Asubuhi moja ya kipupwe mzee alitoka kutembea hakurudi. Walimkuta ameketi kwenye benchi kule makaburini, kofia iko magotini. Moyo. Ule wa mke ndio uliokuwa mgonjwa, wa mume ndio uliosimama.

Inna lillahi. Nilipopigiwa simu nilikuwa kazini na kijiko cha uji mkononi, na jambo la kwanza lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, halikuwa mzee. Lilikuwa kitambaa. Nilikwisha kukimaliza kufunga Jumamosi iliyopita. Kilikuwa kikapuni bandani kinangoja nyekundu.

Nilimkuta bibi amekaa chini, sari nyeupe, mikono mitupu. Lile doa la paji la uso limefutwa, na mahali pake ngozi ilikuwa imefifia, pameachwa wazi kwa mara ya kwanza. Nikamwambia pole, nikakaa kando yake. Mkamwana, mwanamke mwenye huruma, alikuwa akimbembeleza kwa lugha yao, kisha akanigeukia mimi kwa Kiingereza nimsaidie: mwambie si lazima avae nyeupe, siku hizi hakuna anayefuata, na hapa ni Australia. Nikamfasiria.

"Australia haikunioa," bibi akasema.

Hakulia. Alikuwa na hasira, na hasira ile naijua, ninayo mwenyewe. "Aliahidi," akasema. "Kwa mtu ya dukani, kila siku anasema kesho saa iko tayari, na iko tayari. Hii moja hapana." Nikamkumbuka mama yangu alivyokaa eda baada ya baba, miezi minne na siku kumi, kisha akaoga, akavaa kanga mpya, akatoka mlangoni. Eda yetu ina mwisho wake. Nilimtazama bibi na nyeupe yake nikaona kwamba yake haina.

Nikamuuliza, kwa sauti ya chini, kile kitambaa nikifanye nini. Akasema, "Chovya."

"Bibi, nyekundu?"

"Chovya nyekundu. Atavaa yeye."

Nikaenda bandani. Nikawasha gesi, nikatia rangi na siki, nikakichovya peke yangu, nakigeuza kwa mwiko huku machozi yananidondokea kwenye sufuria. Niliikoleza rangi ile kuliko nilivyofundishwa, na ikakolea vizuri, nyekundu ya damu ya mzee. Nilikisuuza maji baada ya maji. Nilikikamua, nikakianika kikauke. Kilikuwa bado fundo tupu, na nikampelekea mwenyewe nikiwa nimeshika pembe moja tayari, nikamwita mkamwana ashike ya pili, kwa kuwa mjane kwao hashiki nguo ya heri. Kazi ya miezi ile yote, na maua, na tembo, nilikuwa nimebakiza kuvuta tu.

"Hapana," bibi akasema. "Usifungue."

Nikamwangalia.

"Bandhani ikiuzwa, nauzwa na mafundo," akasema. "Mwenyewe ndiye nafungua, siku ya kuvaa. Hii ni yangu. Yeye abebe. Mimi nikifika, nafungua."

Nikasema, bibi, jamani, walau pindo, walau nione pindo. Niliomba, ndiyo, msibani, niliomba bila haya. Akatikisa kichwa. Akaniambia anajua kwamba inaniuma, na kwamba yeye pia hajaiona.

Mpaka siku ya mazishi sikuwa nimewahi kuingia mahali pa kuchomea maiti. Sisi hatuchomi watu wetu, na miguu ilinisita mlangoni. Mzee alilala sandukuni na suti yake ya duka, shada la maua shingoni, uso umetulia. Mwanawe akakiweka kitambaa kifuani pake. Kilikuwa bonge dogo jekundu, kimejikunyata, kama kitu kilichotolewa kwenye mashine ya kufulia na kusahauliwa. Kijana mmoja wa Kizungu wa kampuni ya mazishi, mwenye glavu nyeupe na adabu nyingi, alikiona. Akadhani familia imepitiwa. Akasogea kwa upole, akakishika pembe mbili, akaanza kukinyoosha ili kikae vizuri juu ya mzee.

Uzi mmoja ukafyatuka. Niliusikia. Doto moja likajitokeza karibu na kidole gumba chake, jeupe, la mviringo, limekaa pale pale lilipotakiwa kukaa.

"Mwambie asivute!" bibi akaniambia kwa Kiswahili, kwa sauti iliyojaza ukumbi. Mwanawe alikuwa ameinamisha kichwa analia, mkamwana amemshika, na yule kijana alikuwa akiangalia huku na huku hajui kakosea nini. Aliyekuwa karibu, mwenye lugha zote mbili, nilikuwa mimi. Vidole vyake vilikuwa bado vimeshika pembe. Kama ningenyamaza kidogo tu, angevuta.

Nikamwambia kwa Kiingereza aache, kinakwenda hivyo hivyo, kimefungwa.